Asilimia Nne

Zamani Fundi alikuwa anamsikia Taratibu kabla hajamwona. Teksi kuukuu ya msichana huyo ilikuwa na ekzosi iliyolegea na gia ya tatu yenye kikohozi. Ikikata tu kona ya duka la vioo, Fundi aliyelala chini ya lori, spana mkononi na redio inapiga kelele, angesema, "Huyo!" Anachomoka mbio, ananawa mikono kwa sabuni ya unga, anapitisha maji usoni. Taratibu akifika mlangoni anamkuta mwanamume amesimama ametulia tuli, utadhani alikuwa anapita zake tu. Mafundi wenzake walimcheka mpaka wakachoka wenyewe.

Mapenzi yao yalilelewa na ule ubovu. Leo rejeta inavuja, kesho breki zinalia, keshokutwa mkanda umekatika. Taratibu alikuwa akikaa juu ya tairi kuukuu akingoja gari lake, na kwa kuwa kungoja kulikuwa kurefu, walizungumza. Jina hilo alipewa na abiria, maana hakuna binadamu aliyewahi kumwona akikimbiza gari. Miaka mitatu ya kuharibikiwa ikazaa uchumba.

Halafu Taratibu akanunua gari la umeme.

Jamani, gari gani lile! Halina plagi za kuchoma, halina ekzosi, halina mkanda, halina mafuta ya kumwaga. Miezi minane halijaugua hata mafua. Mwanamume mwingine angeshukuru. Fundi alilichukia kana kwamba lina masharubu.

Hoja za kusema alikuwa nazo, na alizitoa kwa sauti ya mtu mwenye busara. "Betri ikifa hiyo, bei yake ni ya kununua gari jingine. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria," Taratibu alimjibu siku moja. "Na mafuta je, wewe umeyafikiria? Yalikuwa yanakula nusu ya ninachopata. Nusu! Naamka alfajiri, narudi jua limezama, kumbe namfanyia kazi mwenye kituo cha mafuta."

"Na pa kuchajia? Mwenye nyumba wako amekataa waya upite dirishani."

"Nitachaji kwa mama."

Hapo ndipo mwiba ulipoingia. Kwa mama ni mlimani, kilomita kumi na nne, na gari likichomekwa kwenye soketi ya ukutani linataka usiku mzima. Kwa hiyo siku nne kwa wiki Taratibu alilala kwa mama yake, na mama yake hakuwa amemkubali Fundi. Siku ambazo betri haikutosha alipitia kituo cha chaji kilichopo chini ya mlima, pale njia ya mlimani inapokutana na barabara kuu. Akifika pale anakaa dakika arobaini. Msimamizi wa kituo hicho alikuwa Msafi.

Msafi! Aliwahi kuwa fundi mwenzao hapo hapo gerejini, akafundishwa kazi na Fundi mwenyewe, miaka minne, na katika miaka yote minne hakuna aliyemwona na doa la grisi. Alifanya kazi na glovu. Alikuja na shati jeupe na kurudi nalo jeupe. Mama yake Taratibu alipomwona mara moja tu alisema, "Yule kijana ana kazi ya miaka inayokuja. Huyo wako ana kazi ya miaka iliyopita." Maneno hayo yalimfikia Fundi, na toka siku hiyo hayakumtoka.

Dakika arobaini. Fundi alizihesabu akiwa chini ya malori. Wanakaa wapi? Benchi moja? Wanazungumza nini? Na yeye hakuwa tena na kisingizio cha kumkalisha mtu juu ya tairi kuukuu hata dakika tano.

Basi akaingiwa na tabia. Wenzake wakiwapigia wachumba wao kuuliza umeamkaje, yeye anauliza, "Betri ngapi?" Taratibu alidhani ni kumjali, masikini, akawa anakipiga picha kioo cha gari kinachoonyesha chaji na kumtumia. Hakujua kwamba mwenzake anapiga hesabu.

Siku ninayoisimulia ndiyo siku ambayo Fundi alitakiwa kwenda kusimama mbele ya mama mtu. Saa kumi alasiri, mjomba naye atakuwepo, aseme kwa kinywa chake kwamba anamwoa binti yao. Shati jipya la samawati lilikuwa limetundikwa msumarini ofisini tangu asubuhi, ndani ya mfuko wa nailoni lisije likapata vumbi. Saa saba na robo simu ikalia. Ilikuwa picha ya kioo, na maneno: "Natoka kwa mama sasa hivi. Betri 52. Inanitosha kuja kukuchukua na kupanda tena. Oga vizuri!"

Mlima ule Taratibu huushuka kwa nusu saa. Saa nane kasoro hakufika. Saa nane ikapita. Saa nane na nusu Fundi aliinua kichwa kutoka kwenye injini ya lori akaona gari jeupe limesimama mlangoni. Limefika bila hata kukohoa, naye ana grisi puani.

"Umenitisha," alisema.

"Kila siku nakutisha," Taratibu alitabasamu. "Hujajiandaa? Saa kumi, mpenzi, si saa kumi na moja."

Alikuwa amependeza mno. Gauni la kijani, wanja umechorwa upya kabisa, poda mbichi shavuni, na marashi. Fundi alifurahi kwa muda wa kupumua mara moja, kisha akajiuliza poda mbichi ya nini kwa mtu aliyetoka nyumbani saa nzima na robo iliyopita.

Akaenda kunawa, akabadilisha, akarudi na koti lake mkononi. Alipofungua mlango wa nyuma ili alitundike, jicho likamwendea kiooni lenyewe. Hamsini na sita.

Akasoma tena. Hamsini na sita.

Miaka kumi na sita ameshika magari. Hajawahi kuona tangi likitoka safarini limejaa kuliko lilivyoondoka, isipokuwa limepitia mahali likatiwa. Hamsini na mbili, hamsini na sita. Nne zimetoka wapi? Na saa nzima? Na poda?

"Umepitia wapi?" aliuliza.

Taratibu akageuza macho. Fundi aliliona hilo kwa macho yake mawili. "Sijapitia popote."

"Saa nzima na robo."

"Nilikuja polepole. Hunijui?"

"Nakujua. Betri ilikuwa hamsini na mbili. Sasa hamsini na sita. Nani kakuongezea?"

Taratibu akamwangalia, akaangalia kioo, kisha akacheka kidogo. "Ah! Si nimeshuka mlima?"

"Nini?"

"Likishuka mlima linajichaji lenyewe."

Ilikuwa kweli, ndugu msomaji. Ilikuwa kweli tupu, na Taratibu aliisema kama mtu anayesema kesho ni Jumatano. Lakini mwambie fundi wa miaka kumi na sita, mbele ya mafundi wenzake wanne wanaojifanya wanatafuta spana, kwamba gari hujaa kwa kuteremka! Fundi alihisi anafanywa mtoto mdogo mchana kweupe.

"Linajaa. Kwa kushuka mlima," Fundi alirudia neno kwa neno. "Mimi nikishuka ngazi nashiba?"

"Usinidhihaki."

"Nani alikwambia habari hizo?"

Taratibu akasita. "Msafi."

"Ahaa!"

"Alinifundisha siku nilipolinunua. Usiguse breki sana, aliniambia, liachie tu—"

"Leo pia alikuwa anakufundisha? Ndiyo maana wanja mpya? Anakufundisha kwa saa nzima, anakuongezea nne za bure kama asante, halafu unakuja kunichukua mimi nikajitambulishe!"

"Punguza sauti, watu wanasikia."

"Wasikie! Wamesikia ekzosi yako miaka mitatu, watashindwa kusikia hili?" Na hapo, Mungu amsamehe, akamalizia, "Kampakie Msafi umpeleke yeye kwa mama yako. Si ndiye anayemtaka? Angalau hatachafua viti."

Redio ikawa inaongea peke yake. Taratibu alikwenda mlango wa nyuma, akalitoa lile koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya tairi kuukuu alilokuwa akikalia. Hakulia, wala hakubamiza mlango.

Gari likaondoka bila sauti. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Fundi alitamani lingepiga kelele, ajue limefika wapi.

Wivu haukumpa nafasi ya kukaa. Alinyakua koti, akajitupa ndani ya pikapu yake ya dizeli akaenda moja kwa moja kituo cha chaji, ngumi zimekaza kwenye usukani. Njiani alishapanga atakachosema, na kama maneno hayatatosha, alishapanga kingine.

Alikuta foleni ya magari saba na mashine mbili, moja imeandikwa mbovu. Madereva walikuwa kwenye benchi wamenuna. "Hasara ya haya magari ni kusubiri tu," mmoja alikuwa anamwambia mwenzake. "Ninachookoa kwenye mafuta nakiacha hapa kwa kukosa abiria." Katikati yao Msafi alisimama na shati jeupe, akiwaomba wawe na subira.

"Alipita hapa saa ngapi?" Fundi hakusalimia.

"Nani? Oo, kaka, karibu! Shemeji? Leo sijamwona."

"Usiniite kaka. Gari limetoka juu na hamsini na mbili, limefika kwangu na hamsini na sita."

Msafi alimtazama usoni kwa muda. Halafu akaelewa, na kuelewa kwake kulimuudhi Fundi kuliko kama angetukanwa. "Njoo uone," alisema. Akamwonyesha kwenye kioo cha mashine orodha ya magari yote yaliyochajiwa tangu asubuhi, namba kwa namba. Gari la Taratibu halikuwemo.

"Kwa hiyo hizo nne?"

"Kaka, umenifundisha wewe mwenyewe. Siku yangu ya pili gerejini uligeuza baiskeli magurudumu juu, ukaniambia nizungushe pedali, taa ikawaka. Ukaniuliza umeme umetoka wapi."

Fundi akaitazama tena ile orodha.

"Dainamo," Msafi aliendelea kwa sauti ya chini ili wale wa kwenye benchi wasisikie. "Ukikanyaga, mota inazungusha magurudumu. Ukiachia mteremkoni, magurudumu yanaizungusha mota. Imegeuka dainamo. Umeme unarudi kwenye betri. Mlima wote ule, tena kwa mwendo wa Taratibu? Nne ni kawaida yake."

Kama angekuwa fundi mbaya asingeelewa, angebisha, angeokoa uso wake. Lakini Fundi alikuwa fundi mzuri. Aliona kila kitu kwa mara moja, kuanzia gurudumu na shafti hadi koili, tena akaona ni jambo rahisi, la siku ya pili ya mwanagenzi. Uso ukamshuka. Msichana alimwambia kweli naye akamcheka mbele za watu.

"Umemfanya nini?" Msafi aliuliza.

"Nimemwambia aolewe na wewe."

Msafi akatikisa kichwa. "Sikufichi, kaka. Mwaka jana nilimwambia yaliyo moyoni. Sikujua kama mmefika mbali." Fundi aliinua macho, damu ikamchemka upya, maana kumbe wivu wake haukuwa wazimu mtupu. "Usinitolee macho. Alinijibu pale pale. Alisema yupo mtu anayemjua akiwa bado yuko kwenye kona. Sikuelewa maana yake, lakini niliona jinsi alivyolisema. Sijarudia tena."

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Fundi aliwasha pikapu akaelekea mlimani.

Dizeli ile ilikuwa ya kubeba mizigo tambarare, na Fundi, kama mafundi wote, gari lake mwenyewe ndilo la mwisho kutengenezwa. Nusu ya njia mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti, kona mbili mbele injini ikazima kabisa. Maji hakuwa nayo. Alilipiga teke tairi, akaumia kidole, akavaa koti lake, akaanza kupanda kwa miguu. Shati la samawati likageuka bluu nzito kwa jasho. Kilomita saba si mchezo kwa mtu ambaye ameshinda chali chini ya malori.

Alifika saa kumi na moja na robo. Barazani alikaa mama mtu, mwanamke mrefu mwenye miwani, mwalimu mkuu mstaafu ambaye bado alikuwa akimtazama kila mtu kama amechelewa darasani. Mjomba alikuwa pembeni yake na kikombe. Taratibu alikuwa ameegemea gari, mgongo kwa njia, na hakugeuka.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," alijibu mjomba peke yake.

"Uliambiwa saa kumi," mama alisema.

"Ndiyo, mama. Gari limechemka."

"Hata wewe umechemka, naona." Akavua miwani. "Sikiliza, Fundi. Mchana wa leo nilimwambia binti yangu sikutaki. Nilimwambia mchana kweupe, palepale alipoegemea. Akaniambia, mama, utake usitake namleta. Akaingia kwenye gari analia. Saa tisa na nusu amerudi, analia. Siku moja, mara mbili. Ya kwanza nilimliza mimi, kwa sababu yako. Hii ya pili umemliza wewe. Kwa sababu ya nani?"

Fundi akapiga hesabu upya. Saa nzima na robo. Alisimama wapi? Kona gani, peke yake, akilia mpaka macho yakauke, kisha akachora wanja upya asije akamtia unyonge mtu anayekwenda kumchukua? Na yeye aliisoma ile poda kama hati ya mashtaka.

Angeweza kusema uongo. Badala yake alisimulia yote kwa mpangilio, picha, hesabu, ngazi na kushiba, viti na kuchafuka, mpaka dainamo. Mjomba alipaliwa na chai yake.

"Asilimia nne?" mjomba alikohoa. "Kijana, umekuja kupoteza mke kwa asilimia nne?"

"Ndiyo, mjomba."

Mama hakucheka. "Na kesho je? Akibeba abiria wa kiume utahesabu nini?"

"Sitasema wivu umeisha, mama. Nitakuwa mwongo. Hata sasa nikikumbuka dakika arobaini za pale kituoni naumia. Nilizoea kuwa na kazi ya kumfanyia. Gari hili halinihitaji, nikaona basi na yeye hanihitaji. Kosa ni langu, si lake wala la gari."

Kisha funguo zikalia. Taratibu alikuwa amegeuka, macho mekundu, wanja umeshafutika.

"Panda," alimwambia.

"Wapi?"

"Panda kwanza."

Akapanda. Taratibu aliwasha, kama ile nayo inaitwa kuwasha, akasema akitazama mbele, "Soma hiyo namba."

"Arobaini na moja."

"Kwa sauti. Na kila ikibadilika, soma."

Wakaanza kushuka. Kona ya kwanza, kona ya pili, mguu wa Taratibu hauko kwenye pedali yoyote, gari linajizuia lenyewe. Fundi alikodolea kioo macho kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. "Arobaini na mbili," akasema. Wakaipita kona yenye kibanda cha mabati. "Hapa ndipo niliposimama," Taratibu alisema, bila kupunguza mwendo.

"Arobaini na tatu."

Wakaipita pikapu, boneti wazi, imenyauka kando ya barabara. "Tusimame?" Taratibu aliuliza.

"Usisimame. Twende mpaka chini."

"Utaiacha?"

"Leo naiacha."

Wakafika chini, barabara kuu mbele yao, taa za kituo cha chaji zikianza kuwaka upande wa pili. Fundi akasogeza uso karibu na kioo. "Arobaini na tano."

"Zimeongezeka ngapi?"

"Nne."

"Umeona nani ametia?"

"Sijaona mtu."

"Nilikwambia kweli," Taratibu alisema, na sasa sauti ikamkatika. "Nilikwambia kweli ukanicheka. Siumii kwa sababu ya Msafi. Naumia kwa sababu wewe ndiye mtu mmoja duniani niliyedhani hunihesabii."

"Nimekosa, Taratibu. Nimekosa mbele ya watu, na kesho nitawaambia wale wale waliosikia."

"Wote wanne?"

"Wote wanne. Na redio nitaizima."

Taratibu alijifuta pua kwa nyuma ya mkono, akakata usukani, akageuza gari lote na kuelekea juu tena.

"Tunakwenda wapi?" Fundi aliuliza, roho mkononi.

"Kwa mama. Hujamaliza kujitambulisha. Na nakwambia mapema: tukipanda hiyo namba itapungua, tena sana. Usije ukaniuliza nimempa nani."

Fundi akanyoosha kiganja chake, kile chenye grisi isiyotoka kwa sabuni yoyote, akakifunika kioo.

"Toa mkono, unanichafulia gari," alisema Taratibu. Akaushika mwenyewe, akautoa pale kiooni, na hakuuachia mpaka kona ya tatu.